Akaunti ni yako, neno la siri liko kwa kijana wa steshenari

Ukikaa na sisi wasioona wa huku Mtwara na Lindi, wale tunaotumia simu janja na kompyuta, uliza swali moja tu: imeili yako alikufungulia nani? Wengi ninaowafahamu watakutajia mtu. Shemeji, mtoto wa dada, mwalimu wa zamani, na zaidi ya wote watakutajia kijana wa steshenari, yule wa karibu na stendi au yule wa mbele ya chuo. Alafu uliza swali la pili, ile namba ya simu iliyowekwa pale ya kurudishia akaunti ukisahau neno la siri, ni ya nani? Hapo watu wananyamaza, manake hawajui, au wanajua kwamba ni ya huyohuyo kijana ambaye sahivi kashahamia Dar.

Naanza na hilo swali la pili kwa sababu kwenye mazungumzo yote ya wasioona na mtandao naona tunaliruka. Tunaongelea usumbufu. Tunasema jamani wasioona wanapata tabu kujaza fomu, wanachelewa, wasaidiwe, basi anatokea mtu mwema anasaidia na mambo yanaonekana yameisha. Hayajaisha. Akaunti ni kitu ambacho maana yake yote ni kwamba kina mwenyewe mmoja na huyo mwenyewe ndo anajua namna ya kukifungua, sasa kama siku ya kwanza kabisa imefunguliwa kwa mkono wa mtu mwingine na macho ya mtu mwingine, mara nyingi na laini ya mtu mwingine, hapo umejengewa nyumba alafu fundi kaondoka na funguo. Na kinachomfikisha asiyeona huko si uvivu wala kutojua kompyuta, ni jinsi sehemu ya kujisajili ilivyotengenezwa.

Mimi sioni toka utotoni. Kwenye kompyuta natumia NVDA, kwenye simu natumia TalkBack, hizi ni programu za kusoma skrini, kilichoandikwa pale zinakisema kwa sauti na wewe unatembea kwa kibodi au kwa kupitisha kidole badala ya kushika mausi. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, wote wawili hawaoni, wakaamua iwe ya bure kwa sababu zile za kununua kama JAWS bei yake mtu wa kawaida haifikii. Hilo la bure huku kwetu lina uzito mkubwa sana. Kompyuta ya mtumba, NVDA kwenye flashi, sauti ya Kiswahili ipo humohumo kwenye eSpeak NG, programu ya kutamka maneno inayokuja nayo, ngumu kidogo masikioni siku za mwanzo lakini unaizoea, na kijana asiyeona wa Tandahimba anaandika barua, anasoma habari, anapiga mahesabu kwenye Excel. TalkBack ndo haina hata haja ya kuitafuta, kwenye simu nyingi za Android inakuja nayo. Kwa hiyo mtu akisema wasioona hawawezi mambo ya mtandao namshangaa, kusoma imeili na kuijibu tunafanya kila siku, WhatsApp tunachati usiku kucha. Tunakokwama ni kwenye kujisajili.

Ngoja nieleze kwa karibu, manake wenye macho wengi hawajawahi kusikia inavyokuwa. Unafungua ukurasa wa kusajili, unabonyeza Tab, NVDA inasema "edit". Unabonyeza tena, "edit". Tena, "edit". Basi. Hapo imekwambia kuna sehemu ya kuandika, ya kuandika nini haijui. Mwenye macho anaona maneno Jina la Kwanza yamekaa juu ya kisanduku anaelewa, ila aliyetengeneza aliyapanga yaonekane karibu na kisanduku, hakuyafunga na kisanduku kwenye kodi, yani yale maagizo ya kompyuta yanayotengeneza ukurasa, kwa kompyuta hayo ni maandishi yamekaa peke yake hayahusiani na kitu chochote. Kuyafunga ni mstari mmoja tu, ndo hiyo inaitwa lebo, kila anayejifunza kutengeneza kurasa za wavuti anafundishwa mwanzoni kabisa. Wengine wanaandika maelezo ndani ya kisanduku chenyewe kwa rangi ya kijivu, ukianza kuandika yanapotea, ukirudi kuhakiki hukuti tena kilichokuwa kinaulizwa.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni kazi nyingine. Inafunguka kalenda, imekuja na mwezi huu wa mwaka huu, na mshale wa kurudi nyuma unarudisha mwezi mmojammoja, tena wenyewe ni picha inataka kubonyezwa na mausi, kibodi haifiki pale. Na mtu kazaliwa 1979. Ukitoka hapo unakuta mkoa, wilaya, kata, mtaa. Ukichagua Mtwara ndo orodha ya wilaya inajijaza, lakini kisoma skrini hakijaambiwa kwamba kuna kitu kimebadilika, unafika kwenye wilaya unakuta patupu, unadhani mtandao umekata. Unamaliza yote unabonyeza Sajili. Kimya. Unabonyeza tena, kimya. Kumbe juu kabisa ya ukurasa yametokea maandishi mekundu yanasema namba ya simu ianze na 255, yametokea kwa macho tu hayakutangazwa kwenye kisoma skrini, na neno la siri ulilokuwa umeandika limeshafutwa uanze upya.

Haya yote mtu mvumilivu anayapita. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu nayapita na wenzangu wanayapita, unajifunza kukisia, edit ya kwanza huwa jina, ya pili huwa jina la ukoo, unarudi nyuma unasoma mstari kwa mstari, unafika. Ni dhuluma ya muda lakini unafika. Kinachotusimamisha kabisa ni kapcha.

Kapcha ni lile jaribio la mwisho la kuzuia maroboti, yani programu zinazojaza fomu zenyewe bila mtu, herufi zilizopindwapindwa au picha tisa unaambiwa chagua zote zenye taa za barabarani. Wazo lenyewe lilikuwa na sababu ya maana. Mwaka 2003 Luis von Ahn na Manuel Blum wa chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani, pamoja na wenzao Nicholas Hopper na John Langford, waliandika kuhusu jaribio ambalo binadamu analiweza na kompyuta hailiwezi, wakati huo kompyuta kusoma herufi zilizopinda ilikuwa mtihani kweli. 2007 ikaja reCAPTCHA, 2009 Google wakainunua, 2014 wakaleta kile kisanduku cha kutiki kwamba mimi sio roboti. Sasa angalia na upande wa pili wa hiyo historia. Mwaka 2005, W3C, ndo hao wanaosimamia viwango vya wavuti duniani, walishatoa waraka unaosema wazi kwamba majaribio ya namna hii yanawafungia nje wasioona, na 2019 wakauhuisha. Kwa hiyo asije mtu sahivi akasema hatukujua. Imejulikana kwa miaka ishirini.

Ukifika kwenye kapcha, NVDA inasema "graphic". Au inasoma jina la faili la picha, mlolongo wa herufi na namba usio na maana yoyote. Na hapa pana tofauti kubwa na zile lebo nilizosema juu. Picha ya kawaida unaweza kuiwekea maelezo nikasomewa, ila picha ya kapcha ukiiwekea maelezo roboti nalo litayasoma, kwa hiyo imeachwa bubu kwa makusudi. Lebo kukosekana ni uzembe. Kapcha ni uamuzi, mtu amekaa akakubali kwamba atakayepita hapa lazima awe na macho.

Watasema kuna ya sauti. Ipo kwa baadhi, mifumo mingi niliyokutana nayo ya hapahapa nyumbani haina hata hicho kitufe cha spika. Na palipo na kitufe, sauti ni ya Kiingereza, maneno yanasemwa juu ya kelele zilizowekwa makusudi ili roboti lisielewe. Sasa jiweke kwenye nafasi yangu, uko steshenari pembeni ya stendi, nje bodaboda wanaita abiria, ndani mashine ya fotokopi inanguruma, mtu anasema maneno kwa lafudhi ya kwao huko, na NVDA yako nayo inatamka kila herufi unayoandika juu ya ile sauti kwa sababu zote zinapita kwenye hedifoni moja, ukiandika husikii, ukisikiliza mpaka mwisho ndo uandike umeshasahau, ukibonyeza kurudia inakuletea nyingine mpya. Ukikosea mara kadhaa inakwambia kompyuta yako inatuma maombi yanayotia mashaka, jaribu baadae. Mwaka 2009 watafiti wawili wa Marekani, Jeffrey Bigham na Anna Cavender, waliwapa wasioona kapcha za sauti zilizokuwa zinatumika kwenye tovuti kubwa wakati huo, wakapatia chini ya nusu. Na hao hawakuwa Mtwara wakisikiliza Kiingereza cha mbali. Mwenzetu ambaye haoni na hasikii ndo kabisa, picha si yake, sauti si yake.

Kinachoniuma zaidi ya yote ni kwamba roboti lenyewe linapita. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Maryland walitengeneza programu wakaiita unCaptcha, ikawa inachukua ile sauti ya kapcha ya Google inaipeleka kwenye huduma za kubadili sauti kuwa maandishi ambazo mtu yeyote anazipata mtandaoni, ikafaulu kwa asilimia 85. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha California pale Irvine wakalinganisha watu na maroboti kwenye kapcha za aina mbalimbali zinazotumika sasa, maroboti yakawa na haraka zaidi na yakapatia zaidi ya watu. Kwa hiyo ile sababu ya 2003 imeshaondoka, kompyuta sasa inasoma zile herufi na inazitambua zile taa, aliyebaki nje ni mimi. Na sio mimi tu, kuna bibi mwenye macho yake mazima wa Nanyumbu anaonyeshwa mabomba ya zimamoto ya kwenye mitaa ya Marekani aambiwe ayatambue, hajawahi kuyaona maishani.

Alafu kuna jambo la hapa kwetu ambalo sijawahi kulielewa. Mifumo mingi ya Tanzania siku hizi inakuomba namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa yenye tarakimu 20. Hiyo namba nimeipata kwa kwenda mwenyewe na mwili wangu, nikaweka vidole, nikapigwa picha. Laini ya simu ninayoandikia nayo nimeisajili kwa alama za vidole, ule usajili ulioanza 2019 nchi nzima. Yani nchi inanijua kwa vidole kumi. Nikishaweka namba ya NIDA, mfumo ukavuta jina langu na tarehe yangu ya kuzaliwa, ukatuma kodi, zile tarakimu za kuhakiki, kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina langu, bado chini yake inakuja picha ya herufi zilizopinda inauliza kama mimi ni mtu. Roboti gani lina namba ya NIDA na laini yenye alama za vidole? Hapo kapcha haiongezi ulinzi wowote, imewekwa kwa sababu ilikuja na kiolezo ambacho developa alikishusha.

Kodi ya kwenye simu nayo niiseme kidogo. Mimi naipenda kuliko kapcha, inafanyika, shida ni muda. Inakuja na sekunde 60, na wewe kwenye simu yenye TalkBack inabidi utoke kwenye ukurasa, uende kwenye meseji, utafute iliyoingia, uisikilize, uishike kichwani, urudi, utafute kisanduku, na simu ndogo ukirudi ukurasa unajifungua upya. Wengine wanakata tarakimu sita kwenye visanduku sita tofauti, kila kimoja "edit". Muda ukiongezwa tu tatizo limekwisha, kama simu inaruhusu kodi ijijaze yenyewe ndo vizuri zaidi.

La selfi ndo jipya na ndo linanitisha. Programu za simu za kufungulia akaunti za fedha zinataka uso, weka uso wako ndani ya duara, sogea karibu, pepesa macho. Duara liko wapi? Zinazotengenezwa vizuri zinakuongoza kwa sauti, kushoto kidogo, juu kidogo, ipo hiyo inawezekana, kamera za kawaida za simu zinafanya hivyo. Zisizofanya hivyo zinaandika tu kwenye skrini. Alafu hiyo ya kupepesa macho, jamani. Kati yetu kuna waliotolewa jicho, kuna wenye jicho la bandia, kuna ambao kope zimeshikana kwa sababu ya vikope, ugonjwa ambao wilaya kadhaa za kusini zinaujua vizuri. Mtu kama huyo programu inamwambia fumbua macho, jaribu tena, fumbua macho. Sijui aliyeandika hiyo sentensi alikuwa anamfikiria nani. Najua tu kwamba mwenzangu mmoja wa Lindi aliisikia ikirudiwa hivyo mbele ya watoto wake, akazima simu akasema hataki tena hiyo huduma.

Ndo tunafika steshenari. Na mimi sina neno baya juu ya hao vijana, bila wao wengi wetu tusingekuwa na kitu, wanatufungulia kwa elfu moja elfu mbili na wengine hawachukui hata hiyo hela. Lakini angalia kazi inavyofanyika. Foleni ipo, msimu wa maombi ya vyuo na mikopo foleni inafika barabarani, kijana anaharakisha. Anakuuliza jina, anaandika. Neno la siri hakuulizi, anaweka jina lako na 123 au mwaka wako wa kuzaliwa, manake ndo anaweka kwa wateja wote asisahau. Imeili kama huna anakufungulia palepale, kwenye namba ya kurudishia anaweka yake kwa sababu kodi ikija kwake ni haraka kuliko akusubiri wewe utoe simu mfukoni. Maswali ya usalama, jina la shule yako ya msingi, anajijazia. Akimaliza anaandika kwenye daftari la kaunta, jina, imeili, neno la siri, chini ya mwingine, chini ya mwingine. Hilo daftari linakaa pale juu karibu na rimu za karatasi. Anayekuja kutoa kopi anaweza kulifunua.

Mwenye macho naye anafunguliwa steshenari, najua. Ila yeye kesho anaweza kuingia akabadilisha, anaona alichoandikiwa, anaweza kusimama nyuma ya bega akaangalia. Asiyeona akitaka kubadilisha anarudi kwenye mlango uleule uliomshinda, kwa sababu kurudisha akaunti nako mara nyingi kuna kapcha, tena wakati mwingine kali kuliko ya kusajilia.

Kuna mwalimu asiyeona namfahamu, wa Newala, aliomba kazi kwa njia hiyo. Aliitwa kwenye usaili. Wito ulitumwa kwenye imeili ambayo hakuwa na uwezo wa kuifungua na meseji ikaenda kwenye laini ambayo haikuwa yake. Alikuja kuambiwa na mtu aliyeona jina lake kwenye orodha, usaili ulishafanyika Dodoma. Hakuna aliyemfanyia ubaya hapo. Mfumo ulituma, kijana alikuwa na laini nyingine wiki hiyo, orodha ilitoka. Ukitafuta wa kumlaumu humpati, ila kazi imekwenda, na kwenye karatasi inasomeka kwamba mwombaji hakufika.

Na hili litakuja kuwa kubwa zaidi kadri mambo ya huku yanavyohamia kwenye mifumo. Korosho yenyewe, mkulima anasajiliwa kwenye mfumo ndo apate pembejeo za ruzuku, malipo yanaingia kwenye akaunti. Mzee ambaye macho yake yameanza kwenda kwa presha ya macho au mtoto wa jicho, wapo kila kijiji, leo anasajiliwa na ofisa aliyemfuata AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na inatosha. Siku akitakiwa aingie mwenyewe aangalie kilo zake zimeandikwaje na hela imeingia ngapi, ataingia kwa macho ya nani? Atampa mjukuu namba ya siri. Mjukuu mwema, sawa. Na asiye mwema?

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Naiheshimu hiyo sheria, na ndo maana nawauliza wanaosimamia mifumo, mnahesabu vipi usalama? Taarifa zangu zikiibiwa kwenye seva yenu mtasema ni uvunjaji wa sheria, lakini fomu yenu ikinilazimisha nizitaje zote kwa sauti mbele ya foleni, NIDA, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, neno la siri, alafu ziandikwe kwenye daftari, hilo halipo kwenye hesabu yenu. Mlango uliojengwa kuhakikisha kwamba anayeingia ni mimi ndo unaonilazimisha nimpe mtu mwingine awe mimi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo toka 2010, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tumeuridhia toka 2009, na ibara yake ya 9 inataja kabisa teknolojia ya habari na intaneti. Karatasi tunazo.

Nimeshaambiwa mara nyingi kwamba nyie ni wachache. Sensa ya 2022 ilihesabu Mtwara watu zaidi ya milioni 1.6 na Lindi karibu milioni 1.2, na kitaifa ilionyesha asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Wasioona ni sehemu tu ya hao, ni kweli. Ila hoja ya uchache huwa haisimami mbele ya huduma ya serikali ambayo haina mlango wa pili. Duka likinikataa naenda duka jingine. Mfumo wa mkopo wa chuo ni mmoja, mfumo wa ajira za serikali ni mmoja, nikishindwa pale nimeshindwa.

Hoja ya maana kuliko hiyo ni ya maroboti, na hii naijibu kwa heshima kwa sababu wanaoitoa wana tatizo la kweli, ukiweka fomu wazi mtandaoni siku mbili tatu inajaa takataka. Sawa. Lakini kuna njia ambazo hazimgusi mtu kabisa. Unaweza kuweka kikomo cha maombi kutoka sehemu moja kwa dakika. Unaweza kuweka kisanduku cha mtego, kimefichwa mtu asikione, roboti likija linajaza kila kitu likijaza na hicho unalitupa, ila hapo nawaomba sana kifichwe na kwa kisoma skrini pia, manake mimi nikikikuta nikakijaza mtanitupa mimi. Unaweza kupima fomu imejazwa kwa sekunde ngapi, roboti linamaliza kabla mtu hajasoma mstari wa kwanza. Ukiwa na NIDA na kodi ya simu ndo usiongeze kitu. Kwa mfumo mdogo, tuseme wa chuo kimoja hapa Mtwara, hata swali la maandishi kwa Kiswahili linatosha, toa tatu kwenye kumi, kwa mfumo mkubwa hapana litavunjwa siku hiyohiyo, kwa mdogo hakuna atakayejihangaisha. Na viwango vyenyewe vimeshaanza kusogea, WCAG 2.2, mwongozo wa W3C wa kurasa zinazofikika na watu wenye ulemavu, iliyotoka Oktoba 2023 inasema kuingia kwenye akaunti kusimtegemee mtu kukariri au kufumbua fumbo, japo kwa kiwango cha kati wameacha bado picha za kutambua vitu ziruhusiwe, na hapo naona wamelegea, ilibidi wamalize.

Nikitakiwa kuchagua kitu kimoja kwanza, nitachagua mtu wa kupigiwa simu. Namba iandikwe juu ya fomu, iwe maandishi isiwe picha, na anayepokea awe na mamlaka ya kunipitisha hapo kwenye kapcha na mimi niendelee kujaza mwenyewe, asinijazie. Hilo halisubiri mfumo uandikwe upya, mkurugenzi anaweza kuliamua asubuhi likaanza mchana. Alafu kabla mfumo wowote haujazinduliwa, pale Mamlaka ya Serikali Mtandao au kwa mzabuni, mtu asiyeona aitwe akae nao na NVDA, aanze kusajili mpaka mwisho bila mtu kumgusa, akishindwa usizinduliwe. Wapo wa kuitwa. Chama cha Wasioona Tanzania wana watu wanaotumia kompyuta kila siku, walipwe kama anavyolipwa mpimaji mwingine yeyote.

Kwa wenzangu ambao akaunti zao zimeshafunguliwa na mtu mwingine, msisubiri hayo. Kama simu yako sahivi bado imeingia kwenye hiyo imeili, yani meseji zinaingia na TalkBack inakusomea, basi mlango uko wazi kwa muda huu na hamna kapcha hapo katikati. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta sehemu ya usalama, weka namba yako mwenyewe ya kurudishia, ihakiki kwa kodi, ikishakubali ndo uiondoe ile ya zamani, usianze na kuondoa. Alafu badilisha neno la siri, vaa hedifoni kwanza manake simu inaweza kutamka herufi unazoandika. Baada ya hapo angalia orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako, usivyovijua vitoe. Fanya wiki hii, kwa sababu laini ya yule kijana ikikaa muda mrefu bila kutumika inafungwa na namba inaweza kupewa mtu mwingine kabisa, na huyo hata ukimpigia hatakuelewa unaongelea nini.